Ukilala chini ya Studebaker

Waliowahi kupanda na lori njia ya Bugando, Mwanza, wanaijua kazi ya utingo. Gari likisimama mlimani anaruka na kigingi cha mbao mkononi, anakisukumia nyuma ya tairi, na dereva anapata kupumua. Nilikuwa fundi katika gereji za mji ule miaka tisa kabla ya kuhamia Indiana. Siku ya kwanza niliyopewa Champion ya 1950, gari la kampuni ya Kimarekani ya Studebaker, nikaijaribu barabarani, nilisimama kwenye taa za mlimani na foleni nyuma yangu. Mguu wa kushoto ulikuwa kwenye klachi. Wa kulia nikautoa kwenye breki, tayari kuwahi mafuta kabla gari halijarudi nyuma. Halikurudi. Lilitulia pale kama limeegeshwa. Niliporudi gereji nililiinua, nikalala chini kumtafuta huyo utingo.

Utingo wenyewe ni kopo dogo la chuma lililokaa kwenye bomba la breki, kati ya masta silinda (pampu kuu ya breki) na magurudumu. Ndani yake mna gololi moja. Pua ya gari ikielekea juu, gololi inabingirika nyuma kuelekea tundu la kupitishia mafuta ya breki. Ukikanyaga klachi, rodi iliyofungwa kwenye pedeli inaiachia gololi ilikalie lile tundu, na presha uliyokwisha kuipeleka magurudumuni inanaswa hukohuko hata ukitoa mguu kwenye breki. Ukianza kuachia klachi, rodi inaisukuma gololi pembeni, presha inatoka, gari linaondoka. Kwenye tambarare gololi haifiki tunduni, kwa hiyo kifaa hakimsumbui mtu.

Watu wa Studebaker walikiita Hill Holder, yaani kishikilia mlima, na walianza kukifunga mwaka 1936 kwenye gari lao la hadhi, President. Hakitumii umeme hata kidogo. Ufundi wake wote uko kwenye urefu wa ile rodi: breki ziachie palepale klachi inapoanza kushika. Zikichelewa, gari linaondoka likiburuza breki. Zikiwahi, linarudi nyuma kwanza. Mimi huzungusha nati nusu mzunguko, natoka kwenda mlimani, narudi, nazungusha nusu nyingine. Hakuna njia ya mkato niijuayo.

Tangu siku ile nimefungua Studebaker nyingi, na kila nikilala chini ya mojawapo nasoma habari ileile: hapa kampuni iliweka pesa, hapa ilizibana. Vitabu vingi vya magari huitaja kama kampuni iliyoshindwa. Mimi nadhani ukitaka kujua ilishindwa wapi, chuma chenyewe kinakuambia kwa usahihi zaidi.

Ndugu wawili, Henry na Clement Studebaker, walifungua karakana ya uhunzi South Bend, Indiana, Februari 1852, wakiwa na dola 68 na seti mbili za zana. Watu walipokimbilia dhahabu California, mdogo wao John naye alikwenda, lakini utajiri wake haukutoka mgodini. Alikaa Placerville akiwaundia wachimbaji matoroli ya mkono, hata wakampa jina la utani kwa kazi hiyo. Mwaka 1858 alirudi nyumbani na dola 8,000 akanunua sehemu ya Henry, mtu wa dhehebu linalokataa vita, ambaye roho yake haikutulia kuliundia jeshi magari. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka, jeshi la Muungano, yaani la Kaskazini, likawa mteja mkubwa wa magari yao ya farasi. Kwa hiyo kabla ya injini ya kwanza walikuwa na nusu karne ya kujua jinsi mzigo unavyokaa juu ya ekseli, na mimi naamini ujuzi ule haukupotea. Gari lao la kwanza lisilovutwa na mnyama, mwaka 1902, lilikuwa la umeme. La petroli likafuata 1904, na magari ya farasi waliyaacha kabisa mwaka 1920.

Pesa ndiyo iliyowatesa. Albert Erskine, aliyeiongoza kampuni tangu 1915, aliamini kwamba mdororo wa uchumi ulioanza 1929 ungepita haraka, akaendelea kuwagawia wanahisa kuliko faida iliyoingia. Machi 1933 kampuni ikawa mikononi mwa wasimamizi wa mahakama, na Julai mwaka huohuo Erskine akajiua. Paul Hoffman na Harold Vance ndio walioinyanyua tena. Hoffman ndiye yule ambaye baadaye, mwaka 1948, alikabidhiwa kuendesha Mpango wa Marshall wa kuijenga upya Ulaya.

Walichokiunda baada ya kuponea chupuchupu ni Champion ya 1939, na hapa lazima nikae kidogo kwa sababu naipenda. Uzito wake ulizidi tani moja kidogo tu, wakati wenzake walikuwa wakinenepa kila mwaka. Sura yake ilitoka ofisini kwa Raymond Loewy, mbunifu mzaliwa wa Ufaransa aliyeuona uzito kuwa adui. Injini ni ya silinda sita, lita 2.7, valvu ziko ubavuni mwa bloku. Haina mbwembwe. Ukiifunga na ovadraivu, gia ya ziada ya kupunguza mizunguko ya injini, ukiwa kwenye mwendo wa safari injini inazunguka polepole na mafuta yanakaa. Wamiliki wa Champion ukikutana nao, habari ya kwanza watakayokupa ni ya mafuta, na wengine wanatunza daftari la kila lita tangu walipolinunua gari.

Kuna mambo mengine mawili utakayoambiwa. La kwanza, kwenye Champion za baada ya vita, swichi ya stata iko chini ya pedeli ya klachi: kanyaga klachi mpaka sakafuni na injini inaamka. Dereva mgeni hutafuta kitufe dashibodi nzima asikione. La pili, hita iko chini ya kiti cha mbele. Joto linapanda kutoka miguuni, nalo ni jambo la maana Januari ya Indiana, pumzi ikigandia kwenye kioo.

Kwa kuwa nimegusa stata, niseme na hili, maana naulizwa kila mwezi. Magari haya hadi 1955 yalitumia volti 6, na wengi wanakimbilia kuyageuza volti 12 wakilalamika stata inazunguka kwa uchovu. Kabla hujatumia pesa, angalia waya wa betri. Volti zikiwa nusu, umeme unaopita kwa kazi ileile ni mara mbili, kwa hiyo waya lazima uwe mnene. Mmiliki fulani wa katikati aliyebadilisha waya miaka ya 80 aliweka wa volti 12, mwembamba, na unapata joto bure. Funga waya mnene kama kidole, kwangua rangi pale waya wa ardhi (ethi) unaposhika kwenye bloku, na utaona stata ikizunguka kama mpya. Kumbuka pia kwamba kwenye hizi za volti 6, bodi imeungwa kwenye chanya ya betri, si hasi. Nimeshaletewa redio zilizoungua kwa kusahau hilo tu.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili kiwanda kiliunda injini za ndege za kivita za B-17 na karibu malori 200,000 ya US6. Mengi yalikwenda Muungano wa Kisovieti, na sehemu yake yalipita Ghuba ya Uajemi, yakaunganishwa Khorramshahr na Andimeshk nchini Iran kisha yakaendeshwa kaskazini. Wanajeshi wa Kisovieti waliyaita Studer, wakafunga juu yake mitambo ya roketi za Katyusha.

Vita vilipokwisha walikuwa mbele ya kila mtu. Mwaka 1947, wakati kampuni kubwa zikiuza magari ya 1942 yaliyobadilishwa grili, wao walitoa gari jipya kabisa, lenye kioo cha nyuma kilichozunguka mpaka ubavuni. Mwaka 1950 likaja lenye pua kama ya ndege, waliuza kuliko walivyowahi kuuza, na 1951 wakaleta injini yao wenyewe ya V8, yenye silinda nane.

Hiyo V8 ndiyo ushahidi wangu mkuu. Kamshafti, shafti inayofungua valvu, inaendeshwa na gia, haina cheni ya kulegea. Kuta ni nene na injini yenyewe ni nzito kupita wenzake, hata usukani wa gari unaisikia. Ilianza na lita 3.8 ikafika 4.7 kwenye magari ya kawaida, na mafundi wa mashindano waliifunga supachaja, pampu ya kuisukumia hewa, ikavumilia. Ukiipa oili safi na ukipima nafasi za valvu kwa wakati, kwa sababu tapeti zake si za kujirekebisha zenyewe, hiyo injini itakuzika. Hapo pesa iliwekwa.

Sasa njoo kwenye bati. Mwaka 1953 timu ya Loewy, kazi kubwa ikiwa ya Robert Bourke, ilitoa kupe (coupé, gari la milango miwili) ya chini, ndefu, iliyosafishwa mapambo, ambayo kwangu hakuna gari la Marekani la miaka ile linaloifikia. Lakini chesisi ilikuwa laini mno: injini ilipowekwa ilijikunja, na madigadi na boneti vikakataa kukutana na bodi. Uzalishaji ukachelewa miezi. Zaidi ya hapo, walijipanga kuunda sedani nyingi na kupe chache, kumbe wateja walitaka kupe. Walipomaliza kujipanga upya, Ford na Chevrolet walikuwa wakishindana kushusha bei, na South Bend, yenye majengo ya zamani na mishahara ya juu, haikuweza kuwafuata. Mwaka 1954 wafanyakazi wenyewe walipiga kura kukubali kupunguziwa malipo. Mwaka huohuo Packard, kampuni nyingine ya magari, ikainunua Studebaker, kampuni mbili zilizokauka zikaegemeana.

Kubana kukahamia kwenye madigadi. Wamiliki wa magari ya mwisho wa miaka ya 50 walilalamika kwamba kutu ilitoboa madigadi ya mbele baada ya misimu michache tu ya baridi. Sababu yake inaonekana kwa macho. Ndani ya digadi hakuna bati la pili la kuzuia matope, kwa hiyo tairi linatupa matope na chumvi ya barabarani juu ya taa na kwenye kona ya nyuma karibu na mlango. Yanaganda pale, yanakaa mabichi, na bati linaliwa kutoka ndani huku rangi ya nje ikiwaka. Mwenye gari hili asiishie kuosha nje. Ingiza mpira wa maji chini, elekeza juu ya taa, subiri mpaka maji yanayotoka yawe safi.

Lark ya 1959 iliwapa uhai kwa ujanja wa fundi maskini: walichukua bodi ya tangu 1953, wakakata pua na mkia, katikati wakabakiza ileile. Ikauzwa zaidi ya 130,000 mwaka wa kwanza. Siidharau kazi hiyo hata kidogo. Ni hesabu nzuri ya mtu asiye na pesa ya mashine mpya. Kisha 1962 wakatoa Avanti yenye bodi ya faiba (plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo), yenye breki za diski mbele, juu ya chesisi ya Lark ya kufunguka paa. Bodi zilichelewa kutoka kwa waliozimimina Ohio, na zilizoundwa hazikufika 5,000. Anayetaka kununua Avanti leo namwambia aiache faiba, maana faiba haiozi. Apige magoti atazame mihimili miwili ya chuma chini ya milango. Ikiwa imeoza, inua gari kwa jeki na mlango utakwama.

Tarehe 9 Desemba 1963 kampuni ilitangaza kufunga kiwanda cha South Bend, na siku kumi na moja baadaye laini ya kuundia magari ikasimama. Kiwanda chao cha Hamilton, Kanada, kiliendelea mpaka Machi 1966. Watu wapatao 7,000 walipoteza kazi, na mfuko wa pensheni ukakutwa haujajaa. Waliofika miaka 60 walilipwa. Wenye kati ya 40 na 59, zaidi ya 4,000 waliotimiza miaka kumi kazini, walipata kama senti 15 kwa kila dola waliyostahili. Wadogo zaidi hawakupata kitu. Linaniuma kila nikilisoma, kwa sababu gia za V8 ile zilipangwa na mikono hiyohiyo. Shauri lao lilitajwa sana Washington mpaka sheria ya pensheni ya 1974 ikapita, pamoja na bima ya serikali kwa mifuko inayoanguka.

Kiwanda kilipofungwa kiliacha maghala ya spea, ambazo zimeendelea kuuzwa miaka yote hii, na ndiyo maana kuitunza Studebaker ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mwezi uliopita nilipokea vali ya Hill Holder ndani ya boksi lake la zamani, jina la South Bend bado linasomeka ubavuni. Karatasi ya nta ilikuwa imegeuka kahawia, na grisi niliifuta kwa petroli. Nilibadilisha mipira, nikaitikisa sikioni nikaisikia gololi ikitembea, nikaikaza kwenye bomba. Nyuzi zilishika kwa vidole, bila tupa.