"Ndiyo" isiyo na uzito: mwelekeo wa kuitikia katika utafiti wa ulemavu wa akili

Mtafiti anamuuliza mtu mwenye ulemavu wa akili anayelelewa kituoni: "Unapenda kuishi hapa?" Anajibiwa ndiyo. Baadaye anauliza: "Ungependa kuhamia kwingine?" Ndiyo tena. Majibu hayo hayaivi chungu kimoja, na mtafiti hajui aandike lipi.

Huo ndio mwelekeo wa kuitikia: kujibu ndiyo bila kujali swali limeuliza nini. Sote tunao kwa kiasi fulani, hasa mbele ya mkubwa. Ila mwaka 1981 Carol Sigelman na wenzake nchini Marekani walionyesha kuwa katika mahojiano na watu wenye ulemavu wa akili unaweza kuharibu data nzima. Waliuliza jambo na kinyume chake, kama vile una furaha, kisha una huzuni. Waliuliza pia mambo ambayo jibu lake halina ubishi, kwa mfano kama theluji huanguka kwao wakati wa kiangazi. Ndiyo zilikuwa nyingi mno, na ziliongezeka kadiri alama za IQ, yaani kipimo cha uwezo wa akili, zilivyoshuka.

Kuna waliohitimisha kwamba basi aulizwe mzazi au mlezi. Sikubaliani nao. Mlezi anaweza kukwambia mtu hutoka mara ngapi kwa wiki, lakini upweke wa mwenzake atausemea vipi?

Mwaka 1996 Mark Rapley na Charles Antaki waliigeuza hoja. Walichambua neno kwa neno mahojiano yaliyorekodiwa kuhusu ubora wa maisha, wakaona mhoji naye ana mkono wake. Mtu hujibu, mhoji haridhiki, anarudia swali kwa maneno mengine. Aliyeulizwa anahisi amekosea, anabadilisha jibu. Hebu tuwaze mahojiano ya namna hiyo kwa Kiswahili:

"Una marafiki?"
"Hapana."
"Yaani huna hata mmoja?"
"Ndiyo."

Mhoji mwenye haraka ataandika kwamba anao, na kwamba mhojiwa anajipinga. Kumbe mtu amesema kitu kimoja mara mbili: ndiyo, sina. Swali la kukanusha kwa Kiswahili ni mtego, na dodoso lililotafsiriwa kutoka Kiingereza bila kulitazama hilo litazalisha "kuitikia" ambako hakupo.

Tusisahau pia maisha ya kituoni. Aliyezoea kwamba kumbishia mhudumu kunamletea matatizo hujibu ndiyo kwa akili zake timamu kabisa.

Dawa zipo, japo hakuna inayotosha peke yake. Maswali ya "hiki au kile" husaidia, ingawa wengine hushika neno la mwisho walilosikia, kwa hiyo mpangilio hubadilishwa. Picha husaidia zaidi. Mhojiwa anaziweka mwenyewe upande wa anachopenda au asichopenda.

Pagumu kuliko pote ni mwanzoni kabisa, kwenye ridhaa. "Unakubali kushiriki?" nalo ni swali la ndiyo au hapana. Ndiyo maana mtafiti makini humwomba mtu aeleze kwa maneno yake ni nini kitafanyika, humpa kadi nyekundu ya kusimamisha mahojiano, na humfanyisha zoezi la kuinyanyua kabla swali la kwanza halijaulizwa.