Zuia Jua Kabla Halijapita Kioo

Kila kiangazi kinapopamba moto, malalamiko yanayofikishwa kwetu sisi tunaokagua majengo ya makazi hufanana: nyumba haikaliki, kiyoyozi hakiwezekani kwa sababu ya gharama au masharti ya mkataba wa pango, na feni inazungusha joto lilelile. Makala haya yanaeleza yale ambayo mkazi anaweza kuyafanya mwenyewe na yale ambayo hapaswi kuyagusa bila idhini ya maandishi, kwa kuwa mambo hayo mawili huchanganywa mno, mara nyingi kwa nia njema kabisa.

Sehemu kubwa ya joto la mchana huingia kupitia madirisha yanayopigwa na jua. Kioo safi cha tabaka moja hupitisha takriban asilimia 80 ya nguvu ya jua linalokipiga moja kwa moja. Mwanga huo ukishafyonzwa na sakafu na samani hugeuka kuwa joto ambalo halitoki kwa urahisi lilivyoingia. Kwa hiyo kivuli hufaa zaidi kikiwa nje ya kioo: luva (vibao vya kukinga jua), turubai, chandarua kizito au mmea unaotambaa. Katika ukaguzi mmoja, saa kumi alasiri, nilipitisha mkono kati ya kioo na pazia zito la rangi nyeusi katika chumba cha ghorofa ya mwisho. Hewa iliyokuwa hapo katikati ilikuwa ya moto kama inayotoka kwenye mashine ya kukaushia nywele, nayo ilikuwa inapanda na kumwagika chumbani juu ya fimbo ya pazia. Mwenyeji wangu alikuwa akisisitiza kwamba mapazia ameyafunga tangu asubuhi, na kweli alikuwa ameyafunga. Ikiwa hakuna budi kutumia pazia la ndani, basi upande unaotazama kioo uwe mweupe. Anayeweza kuweka kivuli dirisha moja tu aanze na la magharibi, kwa sababu jua la alasiri huwa limeinama kiasi cha kupita chini ya upenu, tena huikuta nyumba ikiwa imekwisha kupata joto.

Jambo la pili tumelieleza mara nyingi kuliko tunavyopenda kukumbuka: kufungua madirisha yote saa saba mchana hakuipozi nyumba ikiwa hewa ya nje ina joto kuliko ya ndani. Vipimajoto viwili, kimoja ndani na kingine nje kivulini, humaliza ubishi huu. Cha nje kikizidi, funga. Kikishuka chini ya cha ndani, kwa kawaida jioni au usiku, fungua madirisha ya pande zinazokabiliana, na ikiwezekana moja la chini na jingine la juu, kwa sababu hewa ya moto hupanda na kutafuta pa kutokea. Ning'iniza uzi mwepesi karibu na dirisha. Uzi huo usipocheza, hewa haipiti, hata dirisha liwe wazi kiasi gani. Saa moja haitoshi, maana kuta za tofali na zege zilizolimbikiza joto la mchana kutwa huhitaji usiku mzima kulitoa.

Feni haipozi hewa. Inampoza mtu kwa kukausha jasho lake, huku mota yake ikiongeza joto kidogo, kwa hiyo kuiacha ikizunguka katika chumba kisicho na mtu ni kupoteza umeme. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba feni isitegemewe hewa ikizidi nyuzi 40 za Selsiasi, kwani hapo huweza kuuongezea mwili joto. Kitambaa kilicholowa hufaa pale hewa ilipo kavu: lita moja ya maji ikikauka hufyonza joto sawa na linalotolewa na pasi ya wati 1,000 kwa dakika 40 hivi. Penye unyevunyevu mwingi, shuka zilizolowa huongeza fukuto tu. Ama kuhusu kuacha mlango wa friji wazi ili chumba kipoe, naomba msomaji aguse nyuma ya friji hiyo.

Vyumba vilivyo chini ya paa ndivyo vya hatari zaidi. Katika wimbi la joto la mwaka 2003 mjini Paris, wengi wa waliofariki walikuwa wazee, na vyumba vya juu chini ya mapaa ya zinki vilionekana kuwa hatari hasa. Paa jeupe hurudisha sehemu kubwa ya jua, lakini rangi ya paa, kama ilivyo kwa turubai au luva iliyofungwa ukutani kwa nje, kwa kawaida huhitaji kibali. Taratibu hutofautiana kutoka mamlaka moja hadi nyingine, ila mwombaji hutakiwa kuwa na ridhaa ya maandishi ya mwenye jengo, mchoro wenye vipimo, na maelezo ya namna kifaa kitakavyofungwa kisije kikang'oka kwa upepo. Anayeanza kazi kabla ya kibali huweza kupewa ilani ya kuondoa ndani ya muda uliowekwa. Muda huo ukipita hutozwa faini, na mamlaka ikiondoa yenyewe, gharama humfuata yeye. Kusema kwamba jirani naye amefunga hakujawahi kuwa utetezi.

Kuuacha wazi kwa tofali mlango wa ngazini uliowekwa kuzuia moto, ili upepo upite, ni kosa zito zaidi, kwa sababu moto ukitokea moshi hupita njia hiyohiyo. Vivyo hivyo, vizuizi vya madirisha vinavyowalinda watoto visiondolewe.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza chumba kisizidi nyuzi 32 mchana na nyuzi 24 usiku, hasa panapokaa mzee, mgonjwa au mtoto mchanga. Mtu aliyepatwa na joto akianza kuchanganyikiwa, wahudumu wa dharura waitwe mara moja, naye apozwe kwa maji wakati wakisubiriwa.

Anayekusudia kuleta lalamiko aje na vipimo vya siku tatu mfululizo, vya asubuhi, saa tisa alasiri na usiku, na aeleze dirisha linatazama upande gani. Lalamiko linalosema tu kwamba nyumba ni tanuri tunalipokea pia, ila hulazimu ziara mbili badala ya moja.