Je, wajua kwa nini majaji wa kwanza wa Marekani waliwaandikia wake zao barua nyingi?

Tarehe 2 Januari 1803, mkesha wa kutimiza miaka 20 ya ndoa yao, Jaji Mkuu wa Marekani John Marshall alikaa chini mjini Raleigh, North Carolina, akamwandikia mkewe Polly habari za mikosi iliyomwandama. Wa kwanza: dola 15 za fedha zilikuwa zimetoboa mfuko wa kizibao chake, mfuko wenyewe ukiwa umeshonwa na kushonwa tena, zikaenda kutafuta uhuru wao katika mchanga wa Carolina. Hilo akalimeza. Akamwambia Peter, mtumishi aliyesafiri naye, amtolee nguo za kwendea mahakamani. Peter akapekua begi, akapekua tena, jasho likamtiririka, kisha akatoa taarifa: suruali haimo.

Siku hizo suruali ya mtu wa heshima iliishia magotini, na jaji kukosa vazi hilo kortini halikuwa jambo dogo. Marshall akawaendea washonaji wa mji akidhani aibu yake itakuwa ya siku moja tu. Wote walikuwa na kazi tele, hata mmoja hakukubali. Kikao kizima akakimaliza bila vazi hilo.

Mtu huyu huyu, mwezi uliofuata, alitoa hukumu ya Marbury dhidi ya Madison, iliyothibitisha kwamba mahakama ina uwezo wa kubatilisha sheria inayopingana na katiba. Hukumu hiyo inasomeshwa vyuo vikuu hadi leo. Lakini alifuata nini Raleigh, mbali na mke wake, mbali na kabati lake la nguo?

Jibu limo katika sheria ya mwaka 1789 iliyounda mahakama za nchi hiyo changa. Mahakama ya Juu ilipewa majaji sita, na nchi ikagawanywa kanda tatu: Mashariki, Kati na Kusini. Katika kila kanda kulikuwa na mahakama za mzunguko, ila hazikuwekewa majaji wake kamili. Badala yake, majaji wawili wa Mahakama ya Juu walitakiwa kwenda huko mara mbili kwa mwaka, mji hadi mji, wakikaa pamoja na jaji wa wilaya. Mtanzania aliyezoea kusikia Mahakama ya Rufani iko Mwanza au Mbeya kwa vikao hataona ajabu sana. Ajabu iko katika barabara zenyewe: matope, mito isiyo na madaraja, farasi waliochoka, na nyumba za wageni ambamo jaji angeweza kulazwa kitanda kimoja na mtu asiyemjua.

Aliyeumia zaidi ni James Iredell. Alizaliwa Uingereza mwaka 1751, akavuka bahari akiwa kijana wa miaka 17 kwenda kufanya kazi ya forodha katika bandari ndogo ya Edenton, North Carolina. Hapo akasomea sheria kwa wakili Samuel Johnston, na mwaka 1773 akamwoa Hannah, dada yake Johnston. Rais George Washington alipomteua jaji mwaka 1790 alikuwa na miaka 38. Akaangukiwa na kanda ya Kusini, iliyokuwa ndefu kupita zote, kwa sababu wenzake walipendelea kubaki kwenye kanda zilizo karibu na makwao.

Februari 1791 alimwandikia Jaji Mkuu John Jay barua ya kikazi, na humo akaacha hesabu: mzunguko wake wa mwisho ulikuwa maili 1,900, na kwenda makao makuu ya serikali na kurudi ni maili 1,800 nyingine. Maili 1,900 ni zaidi ya kilomita 3,000, yaani safari ya Dar es Salaam hadi Mwanza, kurudi, na bado umebakiwa na safari. Na hiyo kwa farasi au kigari cha farasi. Mshahara wa jaji ulikuwa dola 3,500 kwa mwaka; gharama za njiani ni zake mwenyewe. Iredell alilalamika kwamba hawezi kuishi maisha ya tarishi.

Hapo ndipo zinapozaliwa barua. Mume na mke walio chini ya paa moja hawaandikiani. Wanaongea, wananuna, wanapatana, na yote hayo hayaachi karatasi. Iredell akiwa Edenton, Hannah hapati barua. Akiwa njiani, anapata: nimefika salama, farasi wako hivi, nimekula kwa fulani, nimemwona Rais, watoto hawajambo? Ukiziangalia tarehe zake, utaona barua zinafuata ratiba ya mahakama kama kivuli. Kwangu mimi, hili ndilo tamu kuliko yote: sheria iliyowachosha majaji ndiyo iliyotuachia sauti zao.

Bahasha hazikutumika. Karatasi ilikunjwa, ikafungwa kwa lakiri, anwani ikaandikwa mgongoni. Stempu nazo hazikuwepo, na kwa kawaida mpokeaji ndiye aliyelipa. Sheria ya mwaka 1792 ilitoza senti 6 kwa karatasi moja ya safari fupi, hadi senti 25 kwa masafa yaliyozidi maili 450, na karatasi ya pili ikitozwa tena. Kwa hiyo watu waliandika kwa kubana, au wakampa barua msafiri anayeelekea upande huo, kama sisi tunavyompa bahasha kondakta wa basi.

Usidhani barua za nyumbani zilikuwa za nyumbani tu. Shemeji yake Iredell, yule Johnston, alikuwa amewahi kuwa gavana, na sasa alikuwa seneta. Ukimwandikia shemeji, umeliandikia Bunge. Malalamiko yale yalizaa kitu: mwaka 1792 ikapitishwa sheria kwamba jaji asirudishwe kwenye kanda aliyokwishaizungukia mpaka wenzake wote nao wapite, isipokuwa kwa ridhaa yake. Mwaka uliofuata idadi ya majaji wa kila mzunguko ikapunguzwa kutoka wawili hadi mmoja.

Kuna mambo ambayo kumbukumbu za korti zisingeyaandika kamwe. Jaji James Wilson, mmoja wa walioweka saini Tangazo la Uhuru, alizama katika madeni ya biashara ya ardhi hadi akafungwa, na hatimaye akakimbilia Edenton, mji wa Iredell, kujificha. Alifia huko Agosti 1798, akiwa bado jaji wa Mahakama ya Juu. Iredell naye alifariki mwaka uliofuata, nyumbani kwake, akiwa na miaka 48.

Makaratasi yake yalibaki kwenye ukoo. Mwaka 1857 na 1858 Griffith McRee, aliyekuwa amemwoa mjukuu wa jaji, aliyachapisha katika majuzuu mawili. Bila shaka msomaji wa leo atayasoma kwa tahadhari, maana mkwe hachapishi kila kitu. Tena kalamu ilikuwa mikononi mwa wachache. Marshall na Iredell wote walimiliki watumwa. Peter yule wa suruali tunamjua kwa jina moja tu, na kwa jasho lake, kama bosi wake alivyolieleza ili kumchekesha mkewe.

Jaji William Cushing wa Massachusetts alipata njia yake ya kukwepa upweke: alisafiri na mkewe, naye pia akiitwa Hannah, katika gari lao la farasi. Hao hawakuwa na haja ya kuandikiana. Bibi Cushing aliwaandikia ndugu zake, na kuhusu yeye na mumewe akasema wamekuwa mashine za kusafiri, zisizo na makazi.