Kabla hamjaweka maarifa ya taasisi kwenye blokcheni

Kazi yangu ni kusaidia mashirika kutunza maarifa yao: miongozo, ripoti, maamuzi na sababu za maamuzi hayo. Siku hizi chai haijamiminwa bado, nimeshaulizwa: kwa nini tusiweke kila kitu kwenye blokcheni? Nami huuliza: mnabishania nini hasa?

Blokcheni ni daftari lenye nakala kwa wahusika wengi, na kila ukurasa umebeba alama ya ukurasa uliotangulia. Alama hiyo, heshi, hutokana na hesabu. Ya SHA-256, mojawapo ya kanuni za hesabu hiyo, huandikwa kwa herufi na tarakimu 64, iwe hati ni barua fupi au ripoti nene. Ukigusa nukta moja, yote inageuka. Stuart Haber na W. Scott Stornetta walieleza mnyororo wa namna hii mwaka 1991, Bitcoin haijazaliwa. Kampuni yao, Surety, ikawa inachapisha heshi kwenye matangazo madogo ya New York Times. Nani angeweza kuyakusanya magazeti yote akayachapishe upya?

Faida iko hapo: kujua mwongozo ulipitishwa lini, na nani, na kama ulio mezani ndio uleule. Hati ibaki kwenye hifadhi ya kawaida. Kwenye mnyororo iingie heshi, tarehe na saini ya aliyeidhinisha. Mkiingiza hati nzima yenye majina ya watu mtagongana na sheria za data binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinazompa mtu haki ya kudai taarifa potofu zifutwe. Mnyororo haufuti. Na uongo ukiingia, utatunzwa kwa uaminifu uleule.

Na kuna maarifa yasiyoandikika: fundi anayejua kwa sauti tu kwamba beringi inakufa hana hati ya kupigiwa heshi. Mpeni kijana wa kukaa naye.

Taasisi moja yenye msimamizi mmoja inatoshwa na Git, programu ya kutunza matoleo ya faili, ambayo tangu 2005 huunganisha matoleo kwa heshi vilevile. Blokcheni inaanza kulipa pale mashirika kadhaa yanapochangia maarifa na hakuna anayekubali mwenzake ashike funguo. Hata hapo si rahisi: TradeLens, blokcheni ya Maersk na IBM ya kufuatilia mizigo ya meli, ilitangazwa kufungwa Novemba 2022. Mfumo ulikuwa unafanya kazi. Ushirikiano wa sekta nzima ndio uliokosekana. Ndiyo maana kikao cha kwanza naita wanasheria na wahasibu, waamue nani ataendesha seva, nani atalipa, na anayejitoa ataondoka na nini. Waandishi wa programu huja baadaye.