Kikapu Chepesi, Nauli ya Kilo Kumi na Mbili

Akina mama wa vikundi vya Mufindi na Kilolo, swali hili limenichosha: "Kikapu chenyewe hata kilo hakifiki, mbona nauli ya kwenda Ujerumani inazidi bei yake?"

Nani aliwaambia kwamba kitu chepesi husafiri kwa bei rahisi? Kampuni za vifurushi vya ndege hutazama uzito wa mzani na nafasi ambayo mzigo unakula, kisha hutoza kilicho kikubwa. Chukua futi. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000. Ndivyo nyingi zinavyopiga hesabu. Boksi la sentimita 40 kila upande ni kilo 12.8, hata kama ndani mna kikapu kimoja cha milulu. Mnalipia hewa, mama zangu.

Ndiyo maana kila siku nahimiza seti. Vikapu vitatu vinavyoingiana hukaa kwenye boksi lilelile, na nauli haipandi kitu. Lakini lazima visukwe hivyo tangu mwanzo: kitako chembamba, mdomo mpana. Ukishabana mdomo kwa ajili ya urembo, hakuna kinachoingia humo. Wapo wanaolowesha kikapu ili kikunjike, wakakifunga kwenye nailoni kabla hakijakauka. Hao ndio wanaorudishiwa picha za kuvu, hasa Juni na Julai, jua linapokuwa la kubahatisha. Na nauli ijulikane kabla ya kutangaza bei. Mteja akishalipa, tofauti inatoka mfukoni mwako.

Eti wanunuzi wa mtandaoni ni Wazungu tu? Dar es Salaam kuna harusi kila wikendi na vikapu vya zawadi vinatafutwa. Basi la asubuhi kutoka Iringa linafika huko siku hiyohiyo.

Eti lazima kamera? Simu inatosha. Piga nje, kivulini, na uandike kimo na kipenyo cha mdomo. "Saizi ya kati" si kipimo.

Eti cheti cha afya ya mimea ni cha wenye maparachichi? Milulu nayo ni mmea, na zipo nchi zinazokidai. Waulizeni TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, kabla ya kufunga boksi.

Na vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa Ikombe, eti havisafiri! Vimesafiri Ziwa Nyasa kwa mitumbwi hadi soko la Matema kabla mtandao haujazaliwa. Jaza magazeti yaliyofinyangwa ndani na nje. Majani makavu yaache, maana huko nje mkaguzi wa mimea anaweza kuyakagua kama mzigo wenyewe.