"Injini Haijaguswa, Bosi": Dhana Potofu Kuhusu Kupima Afya ya Injini

Ukienda kununua gari la mkononi, hilo ndilo neno la kwanza la dalali. La pili hasemi: anawasha gari, anakanyaga mafuta mara mbili, anakutazama usoni. Sikio lina kazi yake, lakini haliwezi kuona ringi za pistoni. Haya ni maneno ninayoyasikia gereji karibu kila wiki.

Dhana: "Tumeipima kwa kompyuta, haina kosa."

Kompyuta inajua kile tu inachoambiwa na sensa, na kwenye Vitz au IST hakuna sensa inayopima kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda. Ringi zinaweza kuwa zimelika na mashine ikaandika hakuna kosa, hasa kama makosa yalifutwa nusu saa kabla hujafika. Ikileta kodi ya kosa P0301, maana yake silinda namba moja inamisi, yaani haichomi mafuta inavyotakiwa. Kama ni plagi, koili, nozeli au vali iliyoungua, hapo utatafuta mwenyewe.

Dhana: "Geji ya kompresheni ikisoma chini ya psi 150, hiyo injini imekufa."

Hii ndiyo inayowatoa watu pesa nyingi. Chukua 1NZ-FE, injini ya cc 1,496 iliyojaa barabarani kwetu. Toyota wanaipa psi 213 kuwa kipimo cha kawaida, 156 kuwa cha chini kabisa, na silinda zisipishane zaidi ya 14. Lakini namba hizo zina masharti yake: injini iwe ya moto, plagi zote nne zimetolewa, mafuta na moto wa plagi vimekatwa, pedali imekanyagwa hadi chini ili hewa iingie, na betri iwe na nguvu ya kuzungusha injini angalau mizunguko 250 kwa dakika. Fundi anayetoa plagi moja, injini ya baridi, betri ya kuombaomba, na pedali hajagusa, atapata namba ya kutisha kwenye injini nzima kabisa.

Kuna na jambo la mwinuko, ambalo wengi hawalifikirii. Mbeya iko kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa ya huko iko chini kuliko ya pwani kwa karibu 18%. Injini inayosoma 200 Dar es Salaam itasoma kama 165 Mbeya bila kuharibika chochote. Nairobi ni vilevile.

Kwa hiyo mimi naanza na tofauti kati ya silinda na silinda. Niliwahi kushika Probox moja hukohuko Mbeya, mwenyewe keshaambiwa atafute injini nyingine. Geji ilisoma 172, 170, 104, 171. Tatu zinaongea lugha moja, ya tatu kwa mpangilio peke yake imeanguka. Tukamimina kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi ya namba tatu, tukazungusha tena: 108. Oili huziba mwanya wa ringi kwa muda, hivyo kama ringi ndizo zingekuwa zinavujisha, namba ingepanda sana. Haikupanda. Zingeshuka silinda mbili zinazopakana, ningeanza kushuku gasketi ya hedi (kichwa cha injini) katikati yao. (Kijiko hiki usikijaribu kwenye dizeli: nafasi iliyobaki juu ya pistoni ni ndogo mno, na oili haigandamiziki.)

Tukaipandisha pistoni juu kabisa, vali zote zikiwa zimefungwa, tukazuia injini isizunguke, tukaingiza upepo wa kompresa kwenye tundu la plagi. Nikainama nyuma ya gari, sikio karibu na ekzosi. Ssssss. Vali ya ekzosi. Upepo ungetokea kwenye kifuniko cha oili, ringi. Kwenye njia ya kuingizia hewa, vali ya kuingiza. Mapovu kwenye rejeta, gasketi ya hedi au hedi yenyewe kupasuka. Probox ile ilifunguliwa hedi tu, chini hakikuguswa kitu.

Dhana: "Kompresheni iko juu, basi injini ni nzima."

Ringi ya kukwangua oili siyo inayobana kompresheni. Ikikwama, injini inakula oili huku geji inasoma vizuri, na 2AZ-FE za lita 2.4 zinajulikana kwa ugonjwa huo. Kaboni iliyojaa juu ya pistoni nayo hupandisha namba. Na geji ya kompresheni haisemi lolote kuhusu beringi za kranki. Hizo utazijua kwa kupima presha ya oili kwa geji yake, maana taa nyekundu ya dashibodi huwaka presha ikiwa imeshaanguka vibaya.

Dhana: "Fungua kifuniko cha oili, ikipuliza imekwisha."

Kila injini hupuliza kidogo, na vali ya PCV ipo ya kuutoa upepo huo. Ikiziba, hata injini nzima itapuliza. Ya kuogopesha ni ile inayotupa kifuniko na moshi juu.

Dhana: "Oili nyeusi ni injini mbovu."

Hapana. Oili husafisha, na kwenye dizeli huwa nyeusi muda mfupi tu baada ya kubadilishwa. Iogope ikiwa rangi ya chai ya maziwa kwenye stiki, maana imechanganyika na maji. Utando mweupe chini ya kifuniko peke yake unaweza kuwa unyevu wa safari fupifupi. Angalia kama maji ya rejeta yanapungua.

Dhana: "Ngoja niipashe moto, ndiyo uikague vizuri."

Kwa geji, sawa. Kwa macho, unafichwa. Sili za vali zilizochoka hutoa moshi wa bluu pale gari linapowashwa baada ya kulala, kisha moshi unapotea. Mlio wa beringi nao mara nyingi husikika sekunde za kwanza, kabla oili haijafika. Nikifika saa mbili asubuhi nikakuta boneti ina joto, namwambia dalali nitarudi kesho. Saa simtajii.