Asilimia ya asteroidi ikipanda, usikimbie kwanza

Februari 2025 simu yangu ilikuwa haipumui, kila mtu anatuma skrinshoti ileile, eti mwalimu hili jiwe la kugonga dunia 2032 ni kweli? Kweli lipo, ni asteroidi, yaani jiwe linalozunguka jua, linaitwa 2024 YR4, darubini ya ATLAS kule Chile ililiona tarehe 27 Desemba 2024, siku mbili baada ya kutupita karibu, maana lilitokea upande wa jua na huko darubini hizi hazioni kitu. Ukubwa wake kama mita 60, ghorofa 15 hivi. Na ule ukanda ambao lingeweza kuangukia ulianzia Pasifiki ukapita Afrika hadi Asia ya kusini, kwa hiyo waliouliza walikuwa na haki yao.

Kilichowachanganya watu ni namba. Uwezekano wa kutugonga mwisho wa Januari ulikuwa asilimia 1 na kitu, tarehe 18 Februari 3.1, wiki haijaisha umeshuka hadi 0.004. Wakaanza ooh wanatuficha. Hamna jamani, hesabu ndo ilivyo.

Weka sahani sakafuni, tandika mkeka juu yake (wa kulalia, sio wa kubeti). Sahani ni dunia, mkeka ni sehemu zote ambazo jiwe linaweza kupita tarehe 22 Desemba 2032. Mwanzoni mkeka ni mrefu balaa kwa sababu jiwe tumelitazama siku chache tu. Kila likipimwa tena unakunja mkeka kidogo kutoka mwisho, sahani haijasogea wala haijakua ila sasa inakula sehemu kubwa zaidi ya mkeka uliobaki, ndo asilimia inapanda, unakunja inapanda, unakunja inapanda, mpaka siku unakunja na sahani inabaki nje, hapo namba inaporomoka. Jiwe lenyewe muda wote linaenda zake njia ileile.

Kupima kwenyewe ni hivi: ATLAS inapiga picha nne za kipande kimoja cha anga ndani ya kama saa moja, nyota zimetulia, kinukta kimoja kinahama. Taarifa zinaenda Minor Planet Center, kituo cha kukusanya vipimo vya asteroidi kule Marekani, wenye darubini wengine wanaanza kukifukuzia, NASA na ESA, mashirika ya anga ya Marekani na Ulaya, kila mmoja anapiga hesabu yake halafu wanalinganisha.

Mimi yananisumbua zaidi madogo yanayotokea upande wa jua, kama lile la Chelyabinsk, Urusi, 2013, mita 20 tu, hakuna aliyeliona likija, na vioo vilivyopasuka vikajeruhi watu zaidi ya 1,000.

Apophis, asteroidi nyingine, nayo ilishakunjiwa mkeka: Desemba 2004 ilifika asilimia 2.7, leo tunajua haitugongi kwa angalau miaka 100. Ijumaa tarehe 13 Aprili 2029 itapita kilomita kama 32,000 tu kutoka ardhini, chini ya setilaiti za TV, na huku Afrika ni ya kuangalia kwa macho matupu, kinyota kinachotembea. Ila Aprili ni masika, na mawingu ya Dar mnayajua.